Koo linauma: nani apimwe, nani apewe antibayotiki, nani akimbizwe hospitali?

MtoaDawa_Kilosa

Wakuu, habari za majukumu. Naomba matabibu, wafamasia na watu wa maabara mliomo humu mnisaidie kwa hili, na mjibu kwa namba, si kwa "inategemea".

Tangu kipupwe kianze, haipiti siku kwenye duka la dawa muhimu bila mzazi kuingia na mtoto anayelalamika koo. Wengi hawaulizi, wanaagiza: "Nipe rangi mbili za mia tano," au "Nipe ile dawa ya maji ya tonsesi." Ukimwelekeza zahanati anakuuliza kule watamfanyia nini cha zaidi. Sitaki kutoa antibayotiki kwa kila koo linalowasha. Na sitaki pia kumrudisha nyumbani na paracetamol peke yake mtoto ambaye kesho na keshokutwa tutasikia vali za moyo wake zimeharibika.

Kwa hiyo nauliza. Pale kaunta, kabla ya kipimo chochote, niulize nini na niangalie nini ili nitofautishe koo la virusi na la bakteria? Kipimo chenyewe ni kipi, maana naona watu wanarudi na majibu ya ASO (kingamwili za damu), wengine FBP (hesabu ya chembe za damu), wengine hata Widal (kipimo cha homa ya matumbo)? Antibayotiki ikihitajika ni ipi, kwa kiasi gani, na kwa nini wengine wanaandika siku 5 na wengine 10? Na dalili zipi zikionekana nisimuuzie kitu, nimwambie apande bodaboda saa hiyohiyo?

Ili tusizungumze hewani, chukueni mfano huu: mtoto wa kike, miaka 7, kilo 22, homa tangu juzi, anakataa ugali kwa sababu kumeza kunauma, hakohoi, kamasi hana. Mama anataka Ampiclox ya maji, chupa moja.

Tabibu_Zamu

Mkuu, umeuliza vizuri. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye mauti ndani yake.

Mtu yeyote mwenye koo, mtoto kwa mkubwa, ukimwona na moja ya haya, weka dawa chini na umtafutie usafiri: mate yanamdondoka kwa kuwa hawezi kuyameza; pumzi inatoa mlio anapoivuta ndani akiwa macho na ametulia; anaongea kama aliyejaza chakula mdomoni; kinywa hakifunguki hata vidole viwili vikapita; shingo ngumu, au imevimba yote mpaka mstari wa taya hauonekani; hajakojoa kwa saa 8 na zaidi, macho yamedidimia, amelegea.

Mtoto anayekaa ameinamia mbele, kidevu amekichomoza, mdomo wazi, mate yanatoka na hataki kulazwa: huyo usimfungue kinywa kwa nguvu, usimwekee kijiko ulimini, usimlaze chali. Njia ya hewa iliyovimba inaweza kufunga kabisa kwa kilio kimoja tu. Asafiri amekaa mapajani mwa mama yake.

Ukimulika na kuona upande mmoja umefura na kimeo kimesukumwa upande wa pili, pale nyuma ya findo (tonsesi) kuna usaha. Vidonge peke yake havitoshi, unatakiwa kutolewa hospitali. Ukiona utando wa kijivu umegandamana na mafindofindo, na ukijaribu kuubandua unatoa damu, fikiria dondakoo, na uliza mara moja kama mtoto alimaliza chanjo za wiki ya 6, 10 na 14.

Kuna wengine ambao koo lao halitishi kwa kulitazama ila wao wenyewe wako hatarini: mwenye selimundu akipata homa, mwenye VVU ambaye hatumii dawa, anayetibiwa saratani kwa dawa za mishipa, na mgonjwa wa goita anayemeza kabimazoli. Huyu wa kabimazoli anasahaulika sana. Dawa hiyo, kwa wachache, hushusha chembe nyeupe za damu ghafla, na dalili ya kwanza huwa ni koo na homa. Anaacha kidonge, anapimwa FBP siku hiyohiyo. Hapo ndipo FBP ina kazi kweli kwenye koo.

Sasa turudi kaunta. Makoo mengi ni ya virusi. Kwa watoto walioletwa kwa ajili ya koo, wenye bakteria aitwaye streptokokasi kundi A ni kama 2 au 3 katika kila 10. Kwa watu wazima ni wachache zaidi, kati ya 5 na 15 katika 100. Swali lako la kwanza kwa mzazi liwe "Anakohoa?" na la pili "Ana kamasi?" Kikohozi, mafua, sauti iliyokauka, macho mekundu, vidonda vidogo mdomoni au kuharisha vyote vinaelekea kwenye virusi. Streptokokasi huja ghafla, koo na homa kwa pamoja, mara nyingi na kichwa kuuma. Watoto wengine wanalalamika tumbo au kutapika, na ndiyo maana wanaishia kupewa dawa ya minyoo.

Kuna hesabu tunayotumia. Daktari Robert Centor wa Marekani aliiweka mwaka 1981 kwa watu wazima, kisha mwaka 1998 Warren McIsaac wa Kanada akaiongezea umri. Unatoa alama 1 kwa kila kimoja: homa zaidi ya 38, hakuna kikohozi, tezi za mbele ya shingo zimevimba na zinauma, mafindofindo yamevimba au yana usaha. Umri wa miaka 3 hadi 14 ongeza 1, miaka 15 hadi 44 usiongeze kitu, 45 na kuendelea punguza 1.

Mwenye 0 au 1 hapimwi wala hapewi antibayotiki. Mwenye 2 au 3 anapimwa. Mwenye 4 au 5 anapimwa kama kipimo kipo, na kama hakipo anatibiwa. Hata kwenye alama 4 bado ni kama nusu tu wenye streptokokasi, kwa hiyo hesabu hii inachuja, haithibitishi.

Binti wa mfano wako: homa 1, hakohoi 1, umri 1. Amefika 3 hujamgusa. Sasa mguse. Simama mbele yake, weka ncha za vidole chini ya pembe ya taya pande zote mbili, bonyeza taratibu ukishuka na msuli wa shingo. Tezi ya kawaida ni kama punje ya hindi na haiumi. Ukikuta kitu kama harage kubwa, na mtoto akarudisha kichwa nyuma ulipobonyeza, hiyo ni alama ya 4. Halafu tochi ya simu, ulimi nje, aseme "aaa". Mafindofindo mekundu yaliyosogeleana, yenye madoa meupe au ya manjano, ni ya 5. Angalia na kaakaa laini kama lina vidoti vyekundu kama vya kalamu. Na homa ipimwe kwa kipimajoto, maana kiganja cha mama kinasema kuna joto lakini hakisemi ni 37.6 au 39.

Pitisha pia kiganja kifuani na tumboni. Kwa ngozi yetu wekundu wa upele hauonekani vizuri, ila ule wa streptokokasi unausikia: ngozi inakwaruza kama msasa. Ukiusikia, na ulimi una vinundu vyekundu vilivyochomoza, usibaki na shaka nyingi.

Mambo mawili kabla sijaacha. Mtoto wa chini ya miaka 3, kwa kawaida hatumpimi streptokokasi. Ni nadra kwake kuumwa koo kwa sababu hiyo, na homa ya rumatiki (ile inayoweza kufuata koo la streptokokasi na kuharibu vali za moyo) katika umri huo ni nadra zaidi. Na kwa Kilosa, kama ilivyo sehemu nyingi, kila mwenye homa anapimwa malaria. Koo jekundu halimkingi mtu na malaria, anaweza kuwa navyo vyote viwili.

Maabara_Mwambao

Namwunga mkono Tabibu. Niongezee upande wa vipimo, kwa sababu hapa ndipo hela za watu zinapopotea bure.

Kipimo cha koo kinachukuliwa kooni. Hakichukuliwi kwenye mkono. Tunatumia kijiti chenye pamba kusugua findo la kulia, findo la kushoto na ukuta wa nyuma, halafu kinatoka bila kugusa ulimi, shavu wala meno. Mtoto akifunga mdomo na kukitafuna, kinarudiwa na kijiti kipya, kwa sababu mate yanapunguza bakteria na majibu yanakuwa hasi ya uongo. Anayechukua lazima abonyeze ulimi vizuri na mtoto ashikwe: mama amkalishe mapajani akitazama mbele, mkono mmoja wa mama uzungushwe kifuani na kushika mikono ya mtoto, mwingine kwenye paji la uso. Sekunde chache zinatosha. Akiguswa vizuri atacheua kidogo. Asipocheua kabisa, mara nyingi pamba haikufika.

Kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika 5 hadi 10. Katika wagonjwa 100 wenye streptokokasi kinawanasa kama 85, na kikisema ipo ni nadra kudanganya. Kwa hiyo chanya anatibiwa. Hasi kwa mtu mzima tunaishia hapo. Hasi kwa mtoto mwenye alama nyingi, sampuli inaoteshwa maabara, jibu linaanza kuonekana baada ya saa 18 hadi 24 na tunaiangalia tena ikifika 48. Kumsubirisha siku hizo mbili hakumdhuru: tiba ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lilipoanza kuuma, bado inazuia homa ya rumatiki. Hilo la siku 9 waelezeni wazazi wanaoogopa kusubiri.

Sampuli ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Mtoto akishameza amoksisilini ya jirani asubuhi, sisi jioni tunaweza tusione kitu.

ASO ni kingamwili za damu. Zinapanda taratibu na kufika kilele wiki 3 hadi 6 baada ya maambukizi. Koo la tangu juzi haliwezi kuonekana humo, na ikionekana juu inaweza kuwa ni ya maambukizi ya miezi iliyopita. Tunaihitaji pale daktari anapouliza swali jingine: je, mtoto huyu mwenye magoti yaliyovimba leo, wiki kadhaa zilizopita alikuwa na streptokokasi? FBP haitofautishi koo la virusi na la bakteria kwa uhakika wa kumwandikia mtu dawa. Widal haihusiki na koo hata kidogo.

Jambo jingine: katika watoto wa shule wasioumwa chochote, kama 1 katika 10 anabeba streptokokasi kooni kimyakimya. Ukimpima mtoto mwenye mafua na kikohozi, kipimo kikawa chanya, pengine umempata mbebaji mwenye virusi. Ndiyo sababu tunasisitiza usipime kila koo. Hesabu ya alama kwanza, kijiti baadaye.

Zahanati nyingi hazina kipimo hiki. Uliza kituo cha afya au hospitali ya wilaya kabla mgonjwa hajalipa nauli.

Mfamasia_Dozi

Nimesubiri wamalize ili nije kwenye hiyo "chupa moja". Naomba wote mnaotoa dawa mchukue kalamu.

Penisilini bado ni mfalme hapa. Mpaka leo streptokokasi kundi A haijawa sugu kwa penisilini. Kwa hiyo hatuhitaji dawa kali, tunahitaji kiasi kinachofaa kwa siku zinazotakiwa.

Amoksisilini kwa koo la streptokokasi ni miligramu 50 kwa kila kilo kwa siku, isizidi 1,000 kwa siku, siku 10. Unaweza kuitoa yote mara moja kwa siku au kuigawa mara mbili. Binti wa kilo 22: 22 mara 50 ni 1,100, tunakomea 1,000. Yaani 500 asubuhi na 500 jioni.

Sasa angalia chupa. Ile ya maji ya 125 kwa mililita 5, ujazo 100, ina miligramu 2,500 tu ndani. Kwa binti huyu inaisha siku ya tatu mchana. Ili amalize siku 10 anahitaji chupa 4. Ya 250 kwa mililita 5, anakunywa mililita 10 asubuhi na 10 jioni, chupa 2 zinatosha kamili. Lakini mama anapewa chupa moja ya 125, anaambiwa "kijiko kimoja mara tatu", mtoto anapata 375 kwa siku badala ya 1,000, na chupa inaisha kabla ya wiki. Homa inashuka, kila mtu anaamini amepona. Bakteria wamebaki kwenye mafindofindo. Hili ndilo kosa ninalotamani liishe nchi nzima.

Vidonge vya amoksisilini vya 250 vinavyoyeyuka kwenye maji kwa kawaida ni nafuu kuliko chupa na havihitaji kukadiria alama ya maji. Kwake ni 2 asubuhi na 2 jioni, jumla 40. Yeyusha kwenye maji safi kidogo kwenye kijiko au kikombe, anywe yote, suuza kikombe anywe na masalia.

Ukitumia chupa: gonga kwanza ili unga uachane na kuta, tia maji yaliyochemshwa yakapoa hadi chini kidogo ya alama, tikisa, acha povu litulie, ongeza hadi alama. Ikishachanganywa ina muda wake, soma lebo. Nyingi ni siku 7 tu bila friji. Kwa hiyo chupa ya pili aichukue ikiwa bado unga, aichanganye ya kwanza ikiisha. Na umpe bomba la kupimia, kwa sababu vijiko vya chai vya nyumbani havilingani.

Penisilini V nayo ni nzuri: chini ya kilo 27 ni miligramu 250 mara 2 au 3 kwa siku, kilo 27 na zaidi na watu wazima 500 mara 2 kwa siku, siku 10, kabla ya kula.

Mzazi unayeona wazi hatamaliza siku 10, tabibu anaweza kuchagua sindano moja ya benzathini penisilini: yuniti 600,000 kwa chini ya kilo 27, milioni 1.2 kwa kilo 27 na zaidi. Sindano hii ni ya msuli, kamwe isiingie mshipani, na ni ya kituo cha tiba chenye adrenalini mkononi, mgonjwa akingoja nusu saa. Haichomwi dukani. Kichupa kilichozoeleka kina milioni 2.4, kwa hiyo binti huyu anahitaji robo yake. Nimeitaja kwa sababu kosa la kuchoma kichupa chote au kukadiria kwa jicho lipo. Dawa yenyewe ni nzito na huganda kwenye sindano nyembamba. Inachanganywa na kuchomwa hapohapo.

Ampiclox: ile kloksasilini iliyomo haiongezi kitu kwenye streptokokasi ya koo. Mama analipia zaidi kwa faida isiyokuwepo. Septrini, doksisaiklini na tetrasaiklini zisitumike kwa ugonjwa huu. Streptokokasi nyingi zinazishinda au zinabaki kooni.

Mwenye aleji ya kweli ya penisilini, yaani alivimba uso, alitoka mabaka ya kuwasha mwili mzima au alibanwa pumzi ndani ya saa moja au mbili, huyo aende kwa daktari aandikiwe nyingine kama azithromaisini. Kuharisha baada ya kumeza amoksisilini siyo aleji. Uliza ilikuwaje kabla hujamnyang'anya mtu dawa bora kwa maisha yake yote.

Kwa nini siku 10 na si 5? Antibayotiki inafupisha maumivu kwa takriban siku moja tu. Bila dawa yoyote, watu kama 8 katika 10 wanakuwa wamepona koo ndani ya wiki. Siku 10 hazitolewi kwa ajili ya maumivu, zinatolewa ili bakteria waishe kabisa na moyo usalimike. Mweleze mama sababu hiyo kwa maneno hayohayo, na utaona anamaliza dozi.

Na wale wa alama 0 au 1 usiwatoe mikono mitupu. Paracetamol miligramu 15 kwa kilo kila saa 6, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Kwa kilo 22 ni kama 330. Ya maji ya 120 kwa mililita 5, mpe 12.5, ambayo ni 300. Aspirini mtoto asipewe. Ibuprofeni na diklofenaki ziache kama homa haijajulikana chanzo na dengi iko mtaani, kwa ajili ya kuvuja damu. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, asukutue na kutema, kwa mtoto mkubwa anayeweza kutema. Uji uliopoa, maziwa, asali kwa aliyezidi mwaka mmoja. Kisha mpe tarehe: homa ikifika siku ya tatu haijashuka, au koo likifika wiki halijapona, arudi.

MtoaDawa_Kilosa

Nashukuru sana. Hesabu ya chupa imenigusa, nimeiandika na kuibandika ndani ya kabati la dawa. Maswali mawili yamebaki. Moja, wazazi wanaosema "ni kimeo, tunampeleka akakatwe". Pili, vijana wa miaka 18 hadi 25 wenye koo kali na homa, wanakuja mara ya pili baada ya kumeza amoksisilini na haijawasaidia, wengine wametoka upele.

Nesi_Watoto

La kimeo nalijibu mimi. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia katikati, kila mtu anacho. Koo likiwaka na chenyewe kinavimba, kinakuwa kizito na kirefu, kinagusa ulimi na kumtekenya mtoto akohoe. Koo likipona kinarudi. Kukikata hakutibu koo wala kikohozi, na kikohozi kilichozidi wiki 2 kinataka kupimwa kifua kikuu, pumu na nimonia. Wanaokikata hutumia kifaa ambacho hakijatakaswa, na mtoto anarudi kwetu akiwa anatoka damu anayoimeza bila mtu kujua mpaka anapotapika mabonge, au na usaha, au pepopunda, au maambukizi ya damu. Ukikutana na aliyekwishakatwa na anameza mara kwa mara huku amepauka, ni dharura.

Maneno ninayomwambia mama ni haya: "Mama, kimevimba kwa sababu nyumba nzima inaungua, usibomoe mlango." Kisha ninammulikia kwa tochi aone mwenyewe mafindofindo yaliyovimba pembeni. Akishaona kwa macho yake anaelewa haraka kuliko kwa maelezo.

Mtoto aliyeanza antibayotiki akae nyumbani saa 24 tangu dozi ya kwanza na homa iwe imeshuka ndipo arudi shule. Kikombe na kijiko chake viwe peke yake.

Tabibu_Zamu

Vijana: koo kali lisilosikia amoksisilini, uchovu mwingi, tezi zimevimba mpaka nyuma ya shingo, na upele uliotoka baada ya amoksisilini, fikiria homa ya tezi inayoletwa na virusi vya Epstein-Barr. Upele huo mara nyingi si aleji ya penisilini. Hapo FBP na kipimo cha damu cha ugonjwa huo vina maana. Bandama linaweza kuvimba, kwa hiyo mpira na kazi za kugongana aache angalau wiki 3 hadi 4, na maumivu makali ya ubavu wa kushoto ni ya hospitali.

Picha hiyohiyo, hasa yenye upele na vidonda vya mdomo, inaweza kuwa VVU vya wiki 2 hadi 4 za mwanzo. Muulize faraghani, si mbele ya wateja. Kipimo cha haraka wakati huo kinaweza kuwa hasi, kwa hiyo hasi moja isimtulize. Arudie baada ya wiki 4 hadi 6, na tena ikitimia miezi 3 tangu siku ya hatari. Na kama ni hatari ya jana au juzi, ndani ya saa 72, apelekwe kituoni aanzishiwe dawa za kinga siku hiyo. Aliyefanya ngono ya mdomo anaweza pia kuwa na kisonono cha koo, ambacho hakitibiki kwa amoksisilini.

Nimalizie lililoachwa: baada ya koo kupona. Mwandikie mzazi karatasi ya mwezi mmoja. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 ambaye wiki 2 hadi 4 baadaye goti linavimba, linapoa, kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko, hajaumia mpirani. Vilevile anayechoka kupanda ngazi, anayehema akilala, au ambaye mikono na uso vinachezacheza bila yeye kutaka na mwandiko wake umeharibika ghafla. Huyo apimwe moyo kwa ekokadiografia (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Uso uliovimba asubuhi na mkojo wa rangi ya chai ya rangi, wiki 1 hadi 3 baada ya koo, ni figo: apimwe mkojo na presha.

Na akija mtoto ambaye alishawahi kuambiwa ana homa ya rumatiki, usimhesabie alama. Koo likimuuma tu apelekwe. Muulize pia tarehe ya sindano yake ya mwisho ya benzathini, maana anatakiwa kuchomwa kila wiki 4, kwa miaka, hata akiwa mzima. Kaskazini mwa Uganda ilifanyika tafiti iliyochapishwa mwaka 2021, kwa watoto na vijana 818 ambao ugonjwa wa moyo wa rumatiki uligunduliwa kwa ekokadiografia kabla hawajaanza kuumwa. Baada ya miaka 2, waliochomwa kila wiki 4 ambao moyo ulizidi kuharibika walikuwa asilimia 0.8, wasiochomwa, asilimia 8.2. Kwa hiyo ukikuta kadi yake ina pengo la mwezi, mwelekeze akachomwe wiki hiyohiyo.